Miaka Yangu ya Kumtazama Beki wa Mwisho

Njeri aliponiomba niandike habari za kazi yangu kabla sijazisahau, nilimjibu kwamba mtu hawezi kusahau kitu ambacho hajawahi kukielewa. Akacheka. "Andika tu, Mzee Shomari," akasema. "Usituache hivi hivi bana, sisi tutajulia wapi?" Njeri ni mtu wa Nairobi, ndiye aliyekalia kiti changu sasa, na akishikilia jambo haachii. Basi naandika. Mtakaosoma ni ninyi mnaobaki pale ghorofani, mtaa wa Xiaobei, mbele ya zile skrini, na nawaomba msitegemee kwamba mkifika mwisho mtakuwa mmeelewa zaidi ya mnavyoelewa sasa.

Kazi yenyewe mnaijua, lakini niieleze kwa ajili ya wanangu Magomeni, ambao mpaka leo wanawaambia watu kwamba baba yao alikuwa mlinzi wa kamera. Kuna timu moja ya kulipwa ya futiboli ya Kimarekani, ambayo mkataba haunipi ruhusa kuitaja. Timu hiyo hututumia video za mechi zake hapa Guangzhou. Sisi tunatazama, tunaandika kila mchezaji alisimama wapi na alifanya nini, tunawarudishia. Msimu ukiisha wanatuuliza: je, nafasi hii inahitaji mtu mpya? Mimi na mwenzangu tulipewa nafasi inayoitwa sefti. Nilipomwuliza Laoban Fang, bosi wetu, kwa nini Wamarekani watafute ushauri wa beki wao China, alisema kwamba wao wakilala sisi tuko macho, kwa hiyo kazi haisimami. Hilo lilinieleza kwa nini China. Halikunieleza kwa nini mimi.

Kabla ya hapo nilikuwa mkaguzi wa mzigo kwa wakala mmoja wa usafirishaji, kwenye jengo la Tianxiu Dasha. Mteja wa Dar akiagiza jinzi Xintang, mimi ndiye niliyekwenda kiwandani kuvuta zipu, kugeuza mifuko, kuhesabu marobota yakipandishwa kwenye kontena. Laoban Fang alikuwa na kampuni ya kamera zilizokuwa zikilinda ghala letu. Siku moja aliniona kwenye video nikimzuia mpakiaji kwa robota lililokuwa na alama ya mtu mwingine, akanifuata akasema: wewe una macho. Nikadhani ananisifu tu. Wiki iliyofuata nilikuwa nimekaa mbele ya skrini, nikitazama wanaume wenye kofia za chuma wakigongana.

Siku ya kwanza sikuelewa hata kama mechi imeanza. Wanacheza sekunde chache, wanasimama, wanakusanyika, wananong'ona, wanatawanyika, wanagongana, wanasimama tena. Niliwahi kuona wanunuzi wa soko la nguo la Guangyuan Xilu wakipatana bei kwa mtindo huo, lakini wale angalau mwishowe huondoka na nguo. Niliambiwa nimtazame mtu anayesimama nyuma kabisa. Nikamtafuta, nikampata, nikamwandika kwa bidii asubuhi nzima: anajipanga vizuri sana, haondoki mahali pake ovyo, ana utulivu, ila hagusi mtu. Mchana ndipo nilipoambiwa kwamba yule mwenye fulana ya mistari myeusi na myeupe ni mwamuzi. Mpaka leo nasema mwamuzi yule alikuwa na nafasi nzuri.

Aliyeniambia alikuwa Papa Odilon, naye ndiye mwalimu wangu katika kazi hii. Papa Odilon ni mtu wa Lubumbashi, Mkristo wa kanisani hasa, amesoma kwa Kifaransa, anavaa koti hata joto la Julai. Alikuja Guangzhou kununua vitambaa, akafanya kazi ya mzigo kama mimi, kisha Laoban Fang akamchukua. Alikuwa na kijiti cha kulia tambi, kimoja, ambacho alikitumia kuonyesha kwenye skrini. Kwa sababu alikuwa akila palepale, skrini yetu ilikuwa na madoa ya mchuzi wa soya, na kuna msimu mzima niliodhani timu pinzani inaweka mtu wa ziada pembeni kushoto.

"Ona, mon frère," aliniambia siku ile, kijiti kikigonga kioo. "Hawa bakubwa ya mbele banapigana. Usibaangalie. Hawa ya katikati, beki ya kati, banaangalia kama mutu atakimbia na mpira. Hawa ya pembeni banakimbizana na badakaji. Sasa huyu wa nyuma, huyu njo sefti. Kazi yake iko moja. Kitu yoyote yenye ilipita bengine bote, yeye njo anasimamisha."

"Kwa hiyo ni kipa," nikasema.

Papa Odilon alikishusha kijiti. "Voilà," akasema. "Ni gardien. Ila hana mikono."

Sikujua wakati ule kwamba nimegusa kidonda. Nilifurahi tu kwamba nimeelewa kitu kimoja.

Vifaa vyetu vilikuwa vichache. Kulikuwa na pedali ya mguu iliyorudisha video nyuma, na mguu wangu wa kulia mpaka leo hujikunja nikiona mtu ameanguka barabarani. Kulikuwa na kibodi tuliyobandika vipande vya karatasi. Wachezaji niliwakariri kwa namba na herufi, namna tulivyokuwa tukiandika kwenye marobota kwa kalamu nene, namba ya mzigo kisha mji unakokwenda. Nilimpa kila mmoja mji. Mrushaji wao alikuwa Kigoma kwa sababu mpira wake ulichukua muda mrefu kufika. Na kulikuwa na kijana wa timu aliyetupigia simu ya video mara kwa mara kutoka Marekani. Tulimwita Bwana Asubuhi, kwa sababu kwetu ilikuwa asubuhi, kwake jioni imeingia, na kila mara alitusabahi kwa uchangamfu huku akipiga miayo.

Sasa nifike kwenye kanuni ya mkono wa mwisho, maana ndiyo iliyonichanganya kuliko yote.

Waliofanya kazi ya mzigo wanaijua. Robota linatoka kiwandani, linapita kwa mchukuzi, kwa mpanga ghala, kwa mpakiaji. Likifika limechanika, hakuna mwenye muda wa kufanya uchunguzi. Anayeulizwa ni yule aliyelishika mwisho. Ofisi yetu ilikuwa imejaa watu wa mzigo, na Papa Odilon alipoanza kazi aliibeba kanuni hiyo akaileta mezani. Mpinzani akifunga bao, tunaangalia nani aliyekuwa karibu zaidi na mdakaji wakati wa kudaka, tunambandikia kosa. Ilikuwa kanuni nyepesi, ya haraka, na Laoban Fang aliipenda kwa sababu watu wawili tofauti wakitazama video ileile walitoa jibu lilelile. Nilipoikuta, ilikuwa imekwisha kuwa sheria ya nyumba.

Mwaka wangu wa kwanza sefti wa timu alikuwa jitu refu, niliyempa mji wa Mbeya. Taarifa ikasema ni mbaya, nafasi inahitaji mtu mpya. Akaondoka. Akaja mwingine, mwepesi, Tabora, nikampenda kwa jinsi alivyokimbia. Taarifa ikasema ni mbaya. Akaondoka. Kama ni sisi tuliowaondoa au walikuwa wanaondoka tu, sikuambiwa, na nikimwuliza Bwana Asubuhi alinijibu kwamba taarifa yetu ni sauti moja kati ya sauti nyingi. Jibu hilo nililiandika mahali, nikalisoma tena na tena, sikuona limeniambia nini. Kisha akaja namba thelathini na moja.

Huyu sikumpa mji. Sijui kwa nini. Alikuwa mtu mzima kwa hesabu za mchezo ule, ana kipara kinachoonekana akivua kofia, na alikuwa na tabia moja: kabla ya kila mchezo kuanza alinyoosha mkono kuwaonyesha wenzake mahali pa kusimama. Wengine walimsikiliza, wengine hawakumwangalia hata kidogo. Mpira ukirushwa alikimbia. Alikimbia kulia, alikimbia kushoto, alifika, na mara nyingi alifika mdakaji akiwa amekwisha kudaka. Kwa kanuni yetu kila bao lilikuwa lake. Niliandika namba yake kwenye safu ya makosa mpaka karatasi iliyobandikwa kwenye kitufe cha tatu ikafutika.

Hapo ndipo nilipoanza kuchanganyikiwa kwa kweli, si kule kwa kawaida. Wa kwanza mbaya, sawa. Wa pili mbaya, timu ina bahati mbaya. Lakini wa tatu? Wote watatu tofauti kwa urefu, kwa kasi, kwa umri, na wote wanaharibu namna ileile, mahali palepale, katikati, nyuma ya mabeki wa kati. Kiwanda cha Xintang kikikuletea suruali zenye kasoro ileile kutoka kwa mafundi watatu, humfukuzi fundi wa tatu. Unakwenda kuangalia cherehani. Hilo nililijua miaka yote. Kwa nini sikulifikiria kwa Mbeya na Tabora, ndilo swali ninaloamka nalo siku nyingine.

Msimu ukaisha. Bwana Asubuhi akapiga simu, safari hii hakupiga miayo. Alisema mkataba wa thelathini na moja unafika mwisho, kwamba makocha wamegawanyika, na kwamba maoni yetu kuhusu mahitaji ya nafasi ya sefti yatasomwa mezani na wakubwa. Tukisema nafasi inahitaji mtu mpya, basi. Umri wake ule, hakuna timu nyingine itakayomchukua. Taarifa ilitakiwa iwe na majina yetu sisi wawili, mimi na Papa Odilon, na tulipewa mpaka Ijumaa.

Papa Odilon aliiandika Jumatatu. Ilikuwa fupi. Nilikataa kuweka jina langu.

"Juu ya nini?" akauliza.

"Sijui, Papa. Kuna kitu sikioni."

"Hauone nini? Kila bao, yeye njo iko pale. Mara na mara. Mi sina kinyongo naye. Ni mutu muzuri, inaonekana. Lakini gardien njo gardien. Mpira ikiingia, unakubali. Hausemi mwingine alifanya nini. Unakubali, unatoka."

Alisema "unatoka" kwa sauti ambayo sikuitegemea kwa habari ya mtu aliyeko Marekani. Jumanne nikatazama video zote tena, sikuona kitu. Jumatano hivyohivyo. Laoban Fang alipita nyuma yetu mara kadhaa akisema "sawa sawa, sawa sawa," ambalo ndilo neno lake la Kiswahili na maana yake ni kwamba tunachelewa.

Alhamisi mchana nilitoka kwenda Guangyuan Xilu. Sikwenda kutafuta hekima, mke wangu alikuwa amenitumia vipimo vya suruali za wajukuu. Nikiwa mlangoni mwa jengo moja la maduka ya jumla, mchukuzi alikuja na mkokoteni wake kufuata robota. Msichana wa dukani akamsukumia robota lililokuwa limepasuka ubavuni, nguo zinachungulia. Mchukuzi akarudi hatua moja, akaficha mikono yake yote miwili mgongoni. "Buyao," akasema. Sitaki. Msichana akafoka. "Buyao, buyao." Mikono mgongoni vilevile, mpaka robota lilipozungushiwa utepe mpya mbele ya macho yake ndipo akaitoa, akalipokea.

Nilisimama pale njia ikiwa imejaa watu, wachukuzi wakinipigia kelele nipishe. Kanuni ya mkono wa mwisho ni ya haki kwa sababu mkono wa mwisho unaruhusiwa kukataa. Mchukuzi analikagua robota kabla hajalipokea, na akilipokea amekubali kuwa ni zima. Sefti je? Nani anamwuliza kama anapokea? Mdakaji anampita beki wa pembeni, anampita beki wa kati, anaachiwa yeye. Robota limekwisha kupasuka njiani, na yeye hana ruhusa ya kuficha mikono mgongoni. Anatakiwa akimbie alishike. Nikarudi ofisini bila suruali za wajukuu, na kwa hilo nimesikia maneno mpaka leo.

Nilifanya jambo moja tu, ninyi wote mnalifanya sasa na mnadhani lilikuwapo tangu zamani. Badala ya kusimamisha video wakati wa kudaka, niliisimamisha kabla ya mpira kurushwa. Nikaangalia nani yuko wapi wakati ule. Na nikaona mrushaji wa timu pinzani anajifanya anampa mkimbiaji mpira, na mabeki wa kati wa timu yetu, hasa mmoja niliyempa mji wa Moshi, wanarukia mbele kumkamata mkimbiaji ambaye hana kitu mkononi. Nyuma yao uwanja unabaki mtupu. Wadakaji wawili wanaingia mle, mmoja anakwenda mbali, mwingine anakata katikati, na thelathini na moja amebaki peke yake na wote wawili. Akimfuata huyu, mpira unakwenda kwa yule. Mrushaji anamwangalia yeye tu, anangoja achague. Video baada ya video, ni vilevile. Mbeya ni hivyo. Tabora ni hivyo. Sikufurahi hata kidogo, maana ilikuwa kama kufungua kabati ukakuta vitu vya watu waliokwisha kuhama.

Ijumaa, nilipotoka kuswali, nilimchukua Papa Odilon kwenda kwa yule Mwislamu wa Xiaobei anayevuta tambi kwa mkono. Nilimweleza yote. Mchukuzi, robota, mikono mgongoni. Nilipomaliza akaweka vijiti chini.

"Na gardien?" akauliza. "Gardien naye anaweza kukataa?"

"Papa, tunazungumza habari ya thelathini na moja."

"Mi nazungumza gardien."

Ndipo akaniambia. Alikuwa kipa wa timu ya mtaa wao Lubumbashi, kijana, watu wanamjua. Ikafika fainali ya mitaa. Mpira ulikuja kutoka upande wa kulia, akatoka langoni kuuwahi, ukapita chini ya mikono yake ukaingia. Wakafungwa kwa bao hilo hilo. Kuanzia jioni ile jina lake mtaani likawa Mulango, yaani mlango ambao kila mpira unaupita. Watoto walimwita Mulango, muuza mkate alimwita Mulango, hata kanisani kuna mtu alijisahau. Hakusema neno. Aliacha kudaka, baadaye akaacha mji, na akiulizwa kwa nini alikuja China alisema biashara.

"Nilikubali," akasema. "Miaka yote nilikubali. Sasa wewe unakuja na buyao yako."

Mimi si mtu wa maneno mazuri. Nikafanya ninachokijua. Nilivuta bakuli la pilipili nikaliweka mbele yake. "Hili ni wewe," nikasema. Nikachukua glasi za chai, yake na yangu, nikaomba nyingine kwa mwenye duka, akaleta akitushangaa. "Sasa nipangie. Mpira ulikuwa wapi?"

Akaweka kifuniko cha chupa upande wa kulia. Akaweka mshambuliaji. Akaweka beki wa kushoto, akaweka wa kati wawili, kwa haraka, bila kufikiri, kama mtu anayepanga viti vya nyumbani kwake.

"Kabla hujatoka langoni," nikamwuliza, "kabla mpira haujapigwa. Beki wako wa kulia alikuwa wapi?"

Papa Odilon akachukua glasi ya mwisho. Akaipeleka kulia. Akairudisha. Akaipeleka mbele, akaishikilia hewani juu ya meza. Chai iliyobaki ndani ikamwagika kidogo kwenye mkono wa koti lake, hakuifuta. Mwenye duka alikuja kuuliza kama tunataka kitu kingine, nikamwambia meiyou, hamna.

"Sijue," akasema Papa Odilon. "Siku zote minaona mpira inakuja. Yeye simwoni. Iko wapi huyu mutu?"

Glasi hakuiweka. Aliondoka nayo mkononi mpaka mlangoni, mwenye duka akamkimbilia kuichukua.

Tulirudi ofisini, akakaa kwenye kiti chake na kuniomba nimwonyeshe. Alitazama mchana wote akitumia pedali mwenyewe, akisimamisha kila video kabla ya mpira kurushwa. Kijiti hakukigusa. Laoban Fang alikuja na "sawa sawa" yake, akamwona uso, akarudi zake. Ofisi ilipokaribia kufungwa tuliandika taarifa upya, kwa maneno yangu na Kiingereza chake: nafasi ya sefti haina upungufu. Mwangalieni beki wa kati. Yule wa nyuma anabebeshwa mizigo iliyopasuliwa na wengine. Bwana Asubuhi baadaye aliuliza sentensi hii ya mwisho ina maana gani katika mchezo, nasi tukamjibu kwamba ni lugha ya kitaalamu.

Mnataka kujua ikawaje. Hapa ndipo nawaomba radhi, maana na mimi nilitaka kujua na nilipojua sikuelewa. Timu ilimpa thelathini na moja mkataba. Nililia kidogo, nikajifanya ni mafua. Wiki chache baadaye walikwenda kuchagua vijana wa vyuo, na wa kwanza waliyemchagua alikuwa sefti. Kisha wakamwongezea mkataba Moshi, yule beki wa kati anayerukia mbele. Nikampigia Bwana Asubuhi kumwuliza kama taarifa yetu ilisomwa. Akasema ilisomwa sana, iliwasaidia sana. Nikamwuliza imewasaidia kufanya lipi kati ya hayo matatu. Akasema asubuhi njema, Mzee.

Lakini msimu uliofuata niliona thelathini na moja akinyoosha mkono, na yule kijana mpya pembeni yake akinyoosha mkono vilevile, na mara nyingine Moshi akageuka, akaangalia, akarudi nyuma hatua mbili. Mara nyingine. Mpira haukurushwa upande ule, na safu yetu ya makosa ikabaki tupu. Laoban Fang aliniuliza kwa nini siandiki kitu. Nilimwambia hakuna kilichotokea. Alisikitika, lakini mimi nilikuwa naangalia jambo zuri kuliko yote niliyowahi kuyaona kwenye skrini ile.

Siku yangu ya mwisho mlinikatia keki, asanteni. Ilikuwa na krimu nyingi. Papa Odilon hakuila. Alinivuta pembeni kwenye ngazi, penye ile mashine ya maji, akiwa na koti lake.

"Nilipiga simu Likasi," akaniambia. "Yule beki wa kulia. Iko kule, anauza saruji. Miaka hatujasemezana."

"Ukamwuliza?"

"Nikamwuliza. Nikasema, ile siku, mbele ya mpira kupigwa, ulikuwa wapi? Nikafikiri simu imekatika. Halafu akasema: nilipanda mbele. Nilitaka nifunge mimi. Nyuma nikaacha wazi." Papa Odilon alikuwa akiongea akitazama mashine ya maji. "Akasema, mi nilijua wewe unajua. Miaka yote nangoja useme. Hausemi. Nikafikiri unanihurumia."

Kule ndani mlikuwa mnacheka juu ya kitu, nadhani ni picha yangu ya siku ya kwanza, niliyopigwa nikimwonyesha mwamuzi kwa kidole. Nilitaka kumwambia Papa hongera, nikaona si mahali pake. Nilitaka kumwambia pole, nalo sikuona kama linatosha.

Akanishika mkono, wa kulia, kwa mikono yake yote miwili.

"Sasa lile jina," akasema. "Mulango. Minamurudishia nani?"

Nimeondoka kazini bila jibu la swali hilo. Njeri, na ninyi wenzake, mkilipata mniandikie. Papa Odilon bado anakaa kiti kilekile, na mkimsogelea, muulizeni kwanza habari za nyumbani.